Paa Limegoma, na Kompyuta Haisemi Kwa Nini

Kisa cha leo ni cha gari. Wapenzi wa kompyuta msiondoke, maana mwishoni tutarudi kwenye programu, na mimi mwenyewe nitapanda kizimbani.

Mjomba wangu wa Msambweni ana gari dogo la wazi, lile ambalo paa lake ni la turubai na hujikunja lenyewe nyuma ya viti ukibonyeza kitufe. Alilinunua mtumba kutoka Japani, na huwakodishia maharusi wa Diani. Msidhani ni anasa. Gari hilo ndilo linalolipa karo za watoto. Alhamisi moja mwezi wa Aprili aliliosha, akafungua paa ili viti vikauke. Saa kumi na moja jioni mawingu yakatanda. Akabonyeza kitufe cha kufunga. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya! Harusi ilikuwa Jumamosi, na masika ya pwani hayamngoji bi harusi.

Akanipigia simu. "Mjomba, wewe si mtu wa kompyuta? Basi njoo, hili gari nalo lina kompyuta."

Nikapanda matatu kutoka Ukunda. Nilikuta gari limefunikwa karatasi ya nailoni, mvua inanyesha, na fundi mmoja wa jirani amesimama na waya mkononi. Kwenye dashibodi kulikuwa na maandishi ya Kijapani yakimweka. Nikafurahi: kumbe gari limesema ugonjwa wake! Nikayapiga picha kwa simu, nikayatafsiri. Yalisema: paa halifanyi kazi, mwone wakala. Ahsante sana. Hilo hata mvua ilikuwa imeshatuambia.

Nikatoa kidude changu cha kusomea hitilafu, vile vya bei rahisi vinavyochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Kikajibu kwamba hakuna hitilafu yoyote. Hapa yafaa nieleze. Ile soketi iliwekwa kwa sheria: Marekani ililazimisha mfumo mmoja kwa magari mapya kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Lengo la sheria lilikuwa moshi. Kwa hiyo lugha ambayo kila kidude kinaielewa ni ya injini na moshi wake. Paa, milango na viti vina visanduku vyao vya kompyuta, na kila kampuni imevipa lugha yake. Ukitaka kuisoma, utafute programu ya kampuni yenyewe.

Sasa paa hilo hufanyaje kazi? Ukibonyeza kitufe, kompyuta hushusha vioo, hufungua kifuniko cha nyuma, kisha pampu ya umeme husukuma mafuta kwenye jeki ndogo zinazoinua mbavu za paa. Kifuniko hurudi, na ndoano hushika juu ya kioo cha mbele. Katika kila hatua kuna swichi ndogo, pengine kubwa kama punje ya hindi, inayotoa taarifa: nimefika. Swichi moja isiposema, kompyuta husimamisha kila kitu. Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, ndani yake kuna kitu kama hiki:

kama (buti limefungwa) na (betri ina nguvu) na (kifuniko kiko mahali pake)
   funga paa
la sivyo
   kaa kimya

Kusimama si kosa. Paa likiinuka wakati kifuniko kimefungwa, chuma kitavunja chuma. Ndiyo maana nilimzuia yule fundi aliyetaka kuunganisha waya za swichi moja kwa moja. Kufanya hivyo ni kuidanganya kompyuta, na ukiidanganya kwenye hatua isiyofaa unanunua paa jipya. Kosa liko kwenye mstari wa mwisho: kaa kimya. Kompyuta ilijua ni swichi gani haikujibu. Ilijua, ikanyamaza.

Basi tukatumia masikio. Kanuni ni rahisi na itawafaa hata kwa pampu ya kisima. Ukibonyeza na usisikie hata mlio mdogo wa rilei, kompyuta imekataa. Rilei ikilia lakini pampu haizunguki, tazama fyuzi, waya na pampu yenyewe. Pampu ikivuma na paa lisiende, shuku mafuta yamevuja. Sisi hatukusikia chochote. Betri ilikuwa nzima, buti limefungwa. Kwa hiyo pampu haikuwa na hatia, ingawa gereji moja ilikuwa imeshamwambia mjomba kwa simu kwamba lazima ibadilishwe, shilingi 95,000, bila hata kuliona gari!

Usiku ule tuliokolewa na mhandisi fulani nisiyemjua, Mungu ambariki. Alikuwa ameacha kwenye pampu tundu dogo la kispana cha pembe sita. Ukikizungusha, mafuta hurudi na paa huwa jepesi. Watu wawili, mmoja kila upande, vidole mbali na mbavu, tukaliinua polepole na kulifunga kwa mkono. Viti vilikuwa vimeshalowa upande mmoja.

Ijumaa tukachimba. Matundu ya kutolea maji chini ya paa yalikuwa yamezibwa na majani membamba ya mvinje, yale yanayoanguka kama sindano. Maji yalituama, hewa ya chumvi ikamalizia, na waya wa swichi ya kifuniko ukawa kijani. Swichi mbadala haikupatikana hadi Jumanne. Jumamosi bi harusi alipanda gari lenye paa lililofungwa, na mjomba akarudisha nusu ya malipo. Swichi yenyewe ilikuwa ya mtumba, na bei yake haikufika hata nauli yangu ya siku zile.

Sasa maoni yangu. Mtu anayeezeka makuti hapa kwetu, ukimwambia nyumba inavuja, huingia ndani mchana, hutazama juu na kuona mwanga unapopenya. Paa lenyewe linamwonyesha. Sisi tumetengeneza paa lenye kompyuta, na limekuwa bubu kuliko makuti. Huo ni ubovu wa programu, hata kama haina kosa hata moja la hesabu.

Wengine watasema kampuni zinaficha kwa ajili ya usalama. Sikubali. Usalama ni sababu ya kukataa kusogeza paa. Hauwezi kuwa sababu ya kumficha mwenye gari kwa nini umekataa. Kwani fundi asiyeambiwa hufanya nini? Huunganisha waya. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliliona hili mwaka 2012, wakapitisha sheria ya kuzitaka kampuni za magari ziwape wenye magari na gereji za kawaida taarifa zilezile wanazopewa mawakala. Mwaka 2020 wakaiongezea nguvu. Sisi tunaokula mtumba tunaihitaji zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini hata lililo chini ya hapo mara nyingi hufika Mombasa waranti imekwisha na maandishi yake ni ya Kijapani. Wakala wa kumwona yuko wapi? Msambweni?

Na kizimbani? Mwaka jana niliandika programu ya chama kimoja cha akiba. Mwanachama akiomba mkopo na masharti hayajatimia, ujumbe nilioweka ulikuwa maneno mawili tu: "Ombi limekataliwa." Mama mmoja alifunga safari hadi Ukunda kuuliza kwa nini. Ulikuwa mchango wa mwezi mmoja ambao haujaingia. Programu ilijua. Nilikuwa nimeandika "la sivyo, kaa kimya" kwa mkono wangu, na nauli akalipa yeye.

Wiki ile ile niliibadilisha. Sasa inataja sharti lililokosekana na mtu wa kumwona. Kazi nzima ilichukua mchana mmoja, jambo linalonitia aibu zaidi.

Mjomba naye anakiweka kispana kile kwenye droo ya dashibodi, na kabla ya masika huondoa sindano za mvinje kwa mswaki mkuukuu. Wenye magari ya wazi, fanyeni hivyo. Wenye kuandika programu, hebu tafuteni ile "la sivyo" yenu leo.