Mabao sita ya 1977 tumesimuliwa tu, haya ya leo tuyahifadhi

KILA Dabi ya Kariakoo ikikaribia, vijiweni inaibuka hadithi ileile ya 1977. Simba sita, Yanga bila, na Abdallah Kibadeni katupia tatu peke yake. Mzee huyu anasimulia bao la kwanza lilivyoingia, mzee yule anambishia. Vijana tunabaki kusikiliza, maana hakuna anayetoa mkanda ili ubishi uishe.

Kwa 1977 tuna cha kujitetea. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, zilikuja kuanza 1994. Ila baada ya hapo hatuna kisingizio.

Mwaka 2003 Simba iliifuata Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, hadi Cairo na kuitoa kwa penalti. Mwaka 2012 ikaifunga Yanga 5-0. Mwaka 2023 Yanga ikajibu kwa 5-1, na mwaka huohuo ikashinda 1-0 kwa USM Alger ugenini, ikakosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya bao la ugenini. Mashabiki wangapi wanaweza kukuonyesha dakika 90 za mechi hizo, zote, bila kukatwa? Wengi tuna vipande vya dakika mbili kwenye simu, na siku simu ikiibiwa navyo vimeondoka.

Msimamo wangu ni huu: tukiwaachia wengine kazi ya kutunza mpira wetu, wajukuu watabishana kuhusu Aziz Ki kama sisi tunavyobishana kuhusu Kibadeni.

Pa kuanzia ni nyumbani. Kuna watu wana kanda za mpira uvunguni, nyingine zilirekodiwa kwenye runinga, nyingine kwa kamera ya mkononi jukwaani. Joto, unyevu na ukungu vinazila taratibu. Hata deki za kuzichezea zinaisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kubwa kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo 2016.

Dawa ni kifaa kidogo cha kunasa video. Upande mmoja kinapokea picha, upande wa pili kinachomekwa USB kwenye kompyuta. Kwa deki ya zamani unatafuta kile chenye matundu ya waya wa njano, mweupe na mwekundu. Kwa kamera yenye HDMI unachukua cha HDMI. Programu ya kurekodia kama OBS Studio ni ya bure. Unabonyeza kurekodi, unacheza kanda, unasubiri iishe.

Ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kanda ya VHS haigeuki HD kwa sababu boksi la kifaa limeandikwa HD. Mfumo wetu wa PAL una mistari 576 ya picha, HD kamili ina 1080. Ukiivuta kwa nguvu, faili linanenepa tu, sura ya mfungaji inabaki vilevile. Na kwa kamera ya HD, hakikisha kifaa kinarekodi picha 50 au 60 kwa sekunde. Vingi vya bei chee vinaishia 30, na shuti la mbali linaonekana kama mpira una mkia.

Nafasi nayo siyo tatizo. Video ya HD kwa kiwango cha megabiti nane kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa. Dakika 90 ni GB 5.4. Timu ya Ligi Kuu ina mechi 30 kwa msimu, kwa hiyo diski moja ya TB 1 inabeba misimu mitano na chenji inabaki. Diski moja! Inaingia kwenye mfuko wa suruali. Nunua mbili, moja ikae kwa ndugu yako, maana diski nazo zinakufa.

Sasa kuna wajanja watasema, basi tunachomeka kwenye king'amuzi tunarekodi ligi nzima. Hapana. Picha ya HD inayotoka kwenye king'amuzi mara nyingi imefungwa, ukichomeka unaambulia kioo cheusi. Mwenye haki ya matangazo amelipia, na fedha hiyo inalipa mishahara ya wachezaji unaowashangilia. Kuvunja kufuli hilo ni kuiba nyumbani kwako mwenyewe.

Hapo ndipo shabiki anapofika mwisho na klabu zinapaswa kuanza. Simba, Yanga, Azam, Coastal Union na wengine wote wanavuja jasho uwanjani, ndio wanaotengeneza picha hizo. TFF na Bodi ya Ligi wakikaa tena mezani kwa mkataba wa matangazo, waweke kipengele kimoja: kila mechi ikiisha, klabu zote mbili zipewe nakala kamili ya HD kwa ajili ya kumbukumbu, siyo ya kuuza. Kisha kila klabu iwe na mtu mmoja mwenye kazi ya kutunza diski hizo na kupokea kanda za wanachama.

Klabu inasajili mshambuliaji kwa mamilioni, halafu akiondoka haina hata mechi moja kamili aliyoicheza. Diski ya kumtunza ni bei ndogo kuliko jozi ya viatu vyake.