Umri wa Gari na Umri wa Betri

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini ikiwa imepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na sheria hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya injini za mafuta, ina mantiki yake, kwani injini huchakaa kwa kadiri ya miaka na mwendo, na fundi mwenye sikio huusikia uchakavu wake. Walakini siku hizi huteremshwa bandarini Mombasa magari ya umeme yaliyokwisha tumika Japani, mashuhuri miongoni mwayo yakiwa Nissan Leaf, na katika hayo mwaka wa usajili ni shahidi dhaifu mno.

Waliolimiliki gari hilo kwa miaka mingi huko Japani na Marekani, ambako lilianza kuuzwa Desemba 2010, hulisifu kwa haki: halina oili ya injini, wala plagi, wala klachi, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kuurudisha umeme betrini. Lakini betri hiyo, ambayo katika matoleo ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24 na ikakadiriwa Marekani kulifikisha gari kilomita 117, haikuwekewa mtambo wa kuipoza, na hapo ndipo ilipo adha yote. Mwaka 2012 wenye magari hayo mjini Phoenix, katika jangwa la Arizona, walilalamika kwamba vijistari 12 vya kuonyesha uwezo wa betri vimeanza kupungua kabla ya miaka miwili kutimia, ilhali wenzao wa miji ya baridi walikuwa salama. Mtengenezaji akatoa dhamana ya miaka 5 au maili 60,000, kisha akaibadili betri ipate kuhimili joto. Joto la Mombasa si kali kama lile, lakini halina kipupwe cha kuipa betri faraja.

Magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Basi kwa nini ukaguzi huo usidai ithibati ya uwezo wa betri, ambayo kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani huweza kuisoma? Vijistari pekee havitoshi, maana walaghai wamewahi kuvijaza kwa hila. Watasema madalali kwamba cheti kitapandisha bei, nami sikatai. Ila nakiona bora kuliko ule ukomo wa miaka, unaolikataa gari kongwe lenye betri nzima na kulipokea jipya lililokwisha unguzwa.

Hata betri iliyobakiwa na asilimia 70 ina mnunuzi wake, mradi aambiwe kweli na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Mkazi wa Nyali mwenye kazi mjini, kilomita 80 zamtosha kwenda na kurudi kutwa. Naye mwenye shughuli zake Malindi ajue kwamba gari hilo la matoleo ya kwanza, hata lilipokuwa jipya, lisingalimfikisha huko bila wasiwasi.