Krew yenu Lokori mtaiitaje?

Unaanzisha kikundi cha ngoma na maigizo hapo Lokori, alafu unakipa jina la Kizungu lenye kila mtu ako nalo? Zii, msee. Cheki Lodwar: tamasha la kaunti linaitwa Tobong'u Lore, yaani karibu tena nyumbani. Maneno mawili tu, na Mturkana yeyote, hata ametoka Nairobi, anaskia ameitwa yeye.

Jina ndilo hufika kabla yenu: kwa posta, kwa mdomo wa emsii, kwa barua ya kuomba doo. Ukichagua la Kiturkana, lipeleke kwa wazee kwanza. Neno tamu kwako linaweza kuwa la matanga kwao. Likipita, kasajilini chapchap. Jina bila cheti, mwingine analibeba.