Huruma Yetu Ifike Kabla ya Maji



Tangazo hilo tunalifahamu sote. Baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho, mtu anasimama mbele ya waamini na kusema: mvua imebomoa nyumba, kuna jamaa waliolala nje, kila Shirika lilete nguo, unga, sabuni na sufuria. Nasi twaleta. Hata mama asiye na akiba ya kesho hutoa kikombe cha unga. Katika jambo hilo hatuna sababu ya kuwalaumu Wakristo wetu.

Lakini sasa mvua za Septemba zinakaribia, nasi tungependa kuwauliza ninyi, na kujiuliza sisi wenyewe, swali moja: kwa nini huruma yetu hufika siku zote baada ya maji?

Tukumbuke tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, na watu wengi walikuwa wameshuka kutoka milimani kuuza na kununua. Mvua ilinyesha, mito ikateremka na mawe na matope, na Nyamukubi pamoja na jirani yake Bushushu vikafunikwa. Waliozikwa walipita 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 3, ng'ambo ya ziwa, nchini Rwanda, mvua za juma lilelile zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130.

Baadaye wataalamu wa hali ya hewa kutoka nchi mbalimbali walijaribu kupima ni kwa kiasi gani kuongezeka kwa joto la dunia kulizidisha nguvu ya mvua hiyo. Hawakuweza kutoa jibu la hakika, kwa maana vipimo vya mvua vilivyohifadhiwa kando ya Ziwa Kivu ni vichache mno. Tunaomba mlitafakari jambo hilo. Mamia ya watu walikufa, na hatukuwa na daftari la kutosha kuonyesha kwamba mvua ya siku ile iliizidi ya zamani, wala kwa kiasi gani.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo sayansi inayajua vema. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Dunia imekwisha kupanda zaidi ya digrii moja tangu viwanda vilipoenea, na 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza kupita digrii moja na nusu. Maana yake kwetu ni kwamba wingu linapopasuka, linaweza kumwaga kwa saa moja maji ambayo mitaro yetu haikujengwa kuyapokea. Mitaro hiyo ilichimbwa kwa ajili ya mvua ya jana na kwa ajili ya mji wenye watu wachache kuliko sasa.

Tunapozungumza habari hizi katika mikutano yetu, husikika majibu mawili mepesi.

La kwanza ni lile la adhabu: Mungu amekasirika. Tuwaulize wanaosema hivyo: je, Mungu huwakasirikia daima wale wanaokaa ukingoni mwa mto, akawasamehe wanaokaa juu kwenye barabara ya lami? Mvua huwanyeshea wote, lakini haiwaui wote. Anayekufa ni yule ambaye nyumba yake iko chini ya mlima uliokatwa miti, au ambaye mtaro wa jirani yake umeziba. Jambo linalomchagua maskini peke yake tusiharakishe kuliita hukumu ya mbinguni.

Jibu la pili ni kwamba makosa ni ya mataifa tajiri. Jibu hili lina ukweli mkubwa. Mkongomani wa kawaida huchoma mafuta kidogo mno akilinganishwa na mtu wa Ulaya au Marekani, na ni haki yetu kudai kwamba waliochafua hewa wasaidie kulipa gharama. Lakini haki hiyo, hata ikifika, haitazibua mtaro wa avenyu yetu. Tena, miti ya vilima vyetu hukatwa na mikono yetu kwa ajili ya makaa ya majiko yetu. Tudai cha wengine, na cha kwetu tusikifiche.

Sasa tuyafuate maji yenyewe, toka juu mpaka chini.

Bukavu imejengwa kwenye miteremko. Mtu aliye juu akitupa chupa ya plastiki mtaroni, haoni tena chupa hiyo, akadhani imekwisha. Haijaisha. Mvua inaisukuma mpaka mtaro wa jirani wa chini, nao unaziba, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni mlango wa nyumba ya mtu. Chupa inayopita inaingia katika mto kama Kahuwa, kisha ziwani. Kutoka ziwani inavutwa na mkondo wa Ruzizi mpaka kwenye bwawa la umeme, ambako wafanyakazi hutoa takataka za plastiki kwa marundo ili mitambo isisimame. Mitambo ikisimama, taa zinazimika, na mahali ambapo maji husukumwa kwa pampu, bomba nalo hukauka. Basi mama anachukua bidoni na kwenda mtoni au ziwani, mahali palepale takataka na vyoo vilikomwaga uchafu wake.

Hapo ndipo kipindupindu kinapongoja. Mji wa Uvira umetufundisha jambo hili kwa uchungu. Watafiti walilinganisha maji yaliyotolewa na mtambo wa mji huo, siku kwa siku, na wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Waliona kwamba baada ya siku ambayo maji hayakutoka, idadi ya wagonjwa katika siku 12 zilizofuata ilipita mara mbili ya ile iliyofuata siku za maji mengi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne asingalifika kituoni kama maji yangalitoka sawasawa. Kisha, Aprili 2020, mto Mulongwe ambao mji huo huchota maji yake ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura. Choo kinapofunikwa na maji, mji mzima unakunywa kilichokuwamo.

Msidhani ni habari ya miji ya mashariki peke yake. Mwezi wa Aprili 2025 mto Ndjili ulifurika Kinshasa, ukaua watu zaidi ya 30, ukakata barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na kusimamisha mitambo ya maji, hata sehemu kubwa ya mji ikabaki na kiu katikati ya mafuriko. Pia kuna malaria. Nchi yetu peke yake ina karibu mgonjwa mmoja kati ya kila wanane wa malaria duniani. Wazee wetu wa Bukavu walijivunia baridi ya mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa kuwa kimelea cha malaria hukomaa polepole ndani ya mbu mahali penye ubaridi. Joto likipanda mlima, mbu na ugonjwa wake hupata nafasi ya kulifuata. Na kila kopo na kila mtaro uliotuama ni nyumba mpya ya mbu.

Kuna neno jingine tunalolisikia mara nyingi, nalo latuhuzunisha: “Aliyejenga korongoni alijitakia.” Ndugu zetu, hakuna anayechagua korongo akiwa na uwanda. Wengi waliojenga huko walikimbia vita vijijini, wakafika mjini na watoto na godoro moja, wakauziwa kipande cha ardhi ambacho sheria inakataza kujengwa. Aliyeuza alipokea fedha. Aliyetia sahihi karatasi alipokea fedha. Mlima ulipoporomoka, aliyekuwamo ndani ya nyumba ni yule wa tatu tu. Tukimlaumu yeye peke yake, tunawafunika wawili wa kwanza.

Basi, tufanye nini? Mtatuambia: tunafanya salongo. Ni kweli, nasi tunaipongeza. Lakini mara nyingi salongo yetu hutoa matope mtaroni na kuyaacha ukingoni, na mvua ya Jumapili huyarudisha yalikotoka. Salongo isiyo na mahali pa kupeleka taka ni kazi ya kujaza maji kwenye kikapu.

Tunapendekeza mambo manne, ambayo kundi lolote la vijana wa parokia laweza kuyaanza bila kungoja mfadhili.

Kwanza, lijueni eneo lenu. Andikeni mitaro ya kartie yenu, mahali inapoziba, na nyumba zilizo chini yake. Andikeni nani ni mzee asiyeweza kukimbia, nani ni mama mwenye mapacha, nani haoni. Mvua kubwa ikija usiku, kila nyumba ya namna hiyo iwe na kijana mmoja anayejua kwamba mlango huo ni wake kuugonga.

Pili, pimeni mvua. Chombo wazi chenye pande zilizonyooka na rula vyatosha kuanzia. Kisomwe kila asubuhi saa ileile, na hesabu iandikwe katika daftari lisilotoka parokiani. Kama parokia zote za kando ya ziwa zingefanya hivyo kwa miaka kumi, wataalamu watakaokuja baada ya msiba mwingine hawangekuta kurasa tupu.

Tatu, jifunzeni kumwokoa mgonjwa. Kipindupindu huua kwa saa chache, lakini mgonjwa akipata maji ya chumvi na sukari mapema na kufikishwa kituo cha afya, karibu wote hupona. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi: kila kijana alijue hilo kwa moyo. Anyweshwe hata njiani, wala msingoje asubuhi.

Nne, ulizeni. Nendeni kwa wakuu wa kartie na wa komine, kwa heshima, na orodha yenu mkononi, mkaulize: mtaro huu utajengwa lini? Fedha tunazotozwa kwa usafi zinakwenda wapi? Kiwanja hiki cha korongoni kimeuzwa na nani? Kuna watakaowaambia kwamba vijana wa parokia wasijiingize katika siasa. Wajibuni kwamba mnaulizia maji ya kunywa, na kwamba nyinyi ndio mnaobeba majeneza.

Kwamba kazi ya mapema ina faida, tumeiona barani kwetu. Mji wa Beira, Msumbiji, ulikuwa umezibua mto wake mdogo Chiveve na kujenga mifereji mipya kabla ya kimbunga Idai kuupiga Machi 2019. Kimbunga kilibomoa sehemu kubwa ya mji, na hakuna mfereji wa kuzuia upepo kama ule. Lakini kazi ile ilisaidia maji kuondoka. Kipindupindu kilipotangazwa baada ya majuma mawili hivi, chanjo ilianza kutolewa siku chache baadaye kwa mamia ya maelfu ya watu. Maelfu waliugua, waliokufa kwa ugonjwa huo wakawa wachache.

Twajua kazi hii haina sifa. Anayegawa blanketi baada ya mafuriko hupigwa picha; anayetoa plastiki mtaroni mwezi wa Agosti huchekwa na wapita njia. Nyumba ambayo haikuanguka haina tangazo kanisani. Sisi wenyewe, mwaka baada ya mwaka, tumekusanya fedha za vitenge vya sikukuu bila taabu, na hatukuwahi kukusanya fedha za koleo kumi. Tunaliungama hilo mbele yenu, kwa kuwa tusingependa kuwatwika mzigo ambao hatukuugusa.

Kwa hiyo, mwaka huu, tunaomba fungu moja la mchango wa sikukuu yetu linunue makoleo, glovu na magunia, na Jumamosi ya kwanza kabla ya mvua kuanza tukutane juu ya kartie, tushuke na mtaro mpaka mtoni. Na tangazo la Jumapili hiyo lisomwe hivi: hakuna nyumba iliyoanguka, hakuna aliyelala nje, kundi la vijana linahitaji mikono arobaini na gari moja la kubebea taka. Tuone kama Wakristo wetu, ambao hawajapata kukataa kutoa baada ya msiba, watakataa kutoa kabla yake.