Gego la Panya na Umri wa Mashapo

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Aghalabu atajiwapo Enzi ya Barafu, mtu huwaza ndovu wenye manyoya marefu, akampuuza panya. Huko ni kupotoka. Katika kukadiria umri wa mashapo ya enzi hiyo, gego la panya huweza kuwa shahidi bora kuliko pembe ya ndovu.

Sababu ni bayana. Wanyama wagugunaji huzaana upesi, hivyo maumbile yao huweza kubadilika katika kipindi ambacho kwa ndovu ni kifupi mno. Isitoshe, bundi huwala kwa wingi na kuitapika mifupa yao, nayo meno hurundikana mahali pamoja.

Uingereza ni kielelezo kizuri. Panya wa maji wa kale, Mimomys savini, alikuwa na magego yenye mizizi, ambayo hatimaye yalikoma kukua. Mrithi wake, Arvicola, ana magego yasiyo na mizizi, yanayokua maisha yote. Mimomys amepatikana Pakefield, ambako ugunduzi wa zana za mawe za miaka ipatayo 700,000 ulitangazwa mwaka 2005. Boxgrove, ulikopatikana mfupa wa muundi wa binadamu mwaka 1993, yumo Arvicola. Mashapo yake yana takriban miaka 500,000. Kipimo cha kaboni hakifiki huko, kwani kikomo chake ni kama miaka 50,000.

Wapo wanaotilia shaka mbinu hii. Husema kwamba mito huhamisha meno, panya huchimba mashimo hadi tabaka za kale, na mabadiliko huenda hayakutokea kila mahali kwa wakati mmoja. Hoja hizo zina mashiko, lakini zinadai uangalifu na ushahidi wa ziada. Hazibatilishi mbinu yenyewe.

Hapa ndipo mwanaisimu wa Kiswahili anapohusika. Lemingi huashiria baridi kali. Panya wa maji huashiria mito na vinamasi. Wote wakiitwa "panya" tu, msomaji hukosa umri na hali ya hewa kwa pamoja. Hivyo basi, uundaji wa istilahi usiishie kwenye kompyuta na siasa. Lugha isiyoweza kutofautisha magego mawili haitaweza kusimulia miaka laki mbili iliyo baina yao.