iPhone na Android: Ni mapenzi ya kweli au umefungiwa geti?

Masikio yangu bado yanavuma kwa kelele za watu wazima. Jumapili iliyopita nilikuwa Sinza kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mshikaji wangu. Ajenda ilikuwa moja tu: michango. Ukumbi umelipiwa nusu, nusu bado, na siku zinayoyoma. Lakini tulikaa saa mbili nzima bila kutaja hata senti tano. Unajua tulikuwa tunagombania nini? Simu!

Ilianza kama mzaha. Katibu wetu, dada mmoja mpole, alisema atapiga picha za kikao kwa Tecno yake. Pembeni alikaa brazameni mmoja, shati limenyooka utafikiri lilipigwa pasi likiwa mwilini. Akacheka kwa dharau: "Dada'angu, na harusini nako tupige picha kwa Android? Si bora tuchore tu!" Kisha akailaza iPhone yake mezani kifudifudi, ili lile tufaha lililong'atwa litazame juu na kila mmoja alione. Wajameni, hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Kambi ya iPhone ikadai simu yao haigandi, picha zake hazina mpinzani, na ukiiuza hata baada ya miaka miwili bado inarudisha hela. Kambi ya Android ikajibu kwamba wao chaji inalala na kuamka, laini mbili zinaingia bila mbwembwe, na faili unalihamisha unakotaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Mmoja akamwita mwenzake mshamba. Akajibiwa, "Afadhali ushamba kuliko madeni!" Watu wakaangua kicheko. Brazameni peke yake hakucheka. Nilimwona, ila sikuelewa.

Aliyetunyamazisha ni mjomba wa bwana harusi, mweka hazina wetu, ambaye mkononi ana kitochi cha Nokia kilichofungwa raba bendi. "Watoto wangu, simu zenu zote nzuri," alisema taratibu. "Sasa anayetuma mchango, atume kwenye hiki changu." Kimya! Maana pesa za kwenye simu hazibagui. Kitochi kinazipokea kama simu ya milioni tatu inavyozipokea.

Tulipotawanyika, brazameni akanifuata tukaenda pamoja hadi kituo cha Afrika Sana. Njiani akanivuta mkono. "Kaka, nikwambie kitu, usicheke. Hii simu ni mtumba, laki sita na nusu. Nimekopa kwa wale wa kausha damu, kila Ijumaa wananipigia." Nikamwambia madeni ni ya wanaume, atamaliza. Akatikisa kichwa. "Si deni, kaka. Niliiuza Infinix yangu siku ileile ili nijazie. Mule ndani kulikuwa na sauti za mama alizokuwa ananitumia WhatsApp. Mama alifariki mwezi mmoja kabla. Muuzaji aliniambia nikiweka namba yangu kila kitu kitarudi. Yamerudi magrupu tu."

Msomaji wangu, niliishiwa maneno. Huyu ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote! Nikajifunza jambo ambalo ndilo nalileta kwako wiki hii: kwenye ubishi huu wa simu, anayepiga kelele sana mara nyingi si yule aliyepata raha sana. Ni yule aliyelipa sana. Akikubali kwamba alikosea, atakuwa amepoteza mara mbili.

Sasa tuwaangalie hao wanaogombaniwa. Steve Jobs wa Apple aliitangaza iPhone ya kwanza Januari 2007, ikaingia madukani Marekani Juni 29 mwaka huohuo. Android ilianzishwa mwaka 2003 kama kampuni ndogo huko California, Google wakainunua mwaka 2005, na simu yake ya kwanza, HTC Dream, ikauzwa Oktoba 2008. Tofauti yao ni kama ya wapishi wawili. Apple anapika mwenyewe, anapakua mwenyewe, na mapishi hampi mtu. Google anagawa mapishi kwa Samsung, Xiaomi, Tecno, Infinix na wengine kibao, kila mmoja anatia chumvi yake. Ndiyo maana Android utaipata kwa kila mfuko, na ukipanga simu janja 10 za duniani mezani, karibu 7 ni Android. Na nyie mnaotoana macho kwa Tecno dhidi ya Infinix dhidi ya itel, poleni sana: zote tatu ni watoto wa baba mmoja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China.

Wahenga walisema wagombanapo tembo, ziumiazo nyasi. Kwenye simu kuna kituko kikubwa zaidi: tembo wanakula sahani moja, nyasi ndizo zinazochapana makofi. Apple alimburuta Samsung mahakamani mwaka 2011 akidai ameigwa, mwaka 2012 baraza la mahakama likamtoza Samsung zaidi ya dola bilioni 1, na kesi ikaendelea hadi walipopatana mwaka 2018. Lakini katikati ya ugomvi huohuo, mwaka 2017, iPhone X ilitoka na kioo kilichotengenezwa na nani? Samsung! Na Google je? Mwaka 2022 alimlipa Apple dola bilioni 20 ili ukitafuta kitu kwenye iPhone, utafute kwa Google. Hesabu hiyo iliibuliwa na mahakama ya Marekani. Sasa wewe uliyemnunia binamu yako kwa sababu ya simu, hizo bilioni 20 umepata ngapi?

Na kuigana wanaigana kama mapacha. Mwaka 2016 Apple alipoondoa tundu la hedifoni, Samsung alimcheka. Mwaka 2019 akaliondoa kwenye Note 10 yake. Mwaka 2020 Apple akaacha kuweka chaja ndani ya boksi, Samsung akamtania tena. Januari 2021 Galaxy S21 ikatoka, boksi halina chaja! Na nyie wa iPhone msicheke sana: simu yenu ilianza kuweza kunakili maneno na kuyabandika kwingine mwaka 2009, miaka miwili baada ya kuzaliwa.

Utaniambia, mbona hata Simba na Yanga ni ushabiki tu? Hapana, ndugu yangu. Mwana Yanga akichukia ana kadi yake, ataenda Jangwani kupiga kelele mpaka viongozi watoke nje. Mwana Simba atafanya hivyohivyo Msimbazi. Wewe shabiki wa simu utaenda wapi? Hakuna tawi, hakuna mkutano, hakuna kura. Wewe ni mteja, basi. Wakibadilisha tundu la chaji, unanunua waya mwingine.

Kinachotushika ni vitu viwili. Cha kwanza ni aibu. Hapa Bongo ujumbe wote unapita WhatsApp, hakuna anayejua umeandika kwa simu gani. Kwa hiyo lazima tuonyeshane kwa njia nyingine: unapiga picha mbele ya kioo cha saluni, sura imezibwa na simu, tufaha linaonekana. Ukienda baa, simu inalazwa mgongo juu. Tumefika mahali mademu wanapima mchumba kwa kuhesabu kamera, na vijana wanakula mihogo mwezi mzima ili wahesabike.

Cha pili ni geti. Kule Marekani wengi wanatumiana ujumbe kwa iMessage ya Apple, ambayo haipatikani kwenye Android. Kwenye iPhone, meseji unayomtumia mwenye iPhone mwenzako inakuwa na rangi ya buluu, unayomtumia mwenye Android inakuwa kijani, na watoto wa shule wanachekana kwa rangi hiyo. Si bahati mbaya. Katika kesi ya Apple na Epic Games mwaka 2021 zilitolewa barua pepe za ndani, na katika moja ya mwaka 2013 bosi mmoja wa Apple, Craig Federighi, aliandika kwamba kuipeleka iMessage kwenye Android kungeondoa kikwazo kwa familia zenye iPhone kuwapa watoto wao simu za Android. Umesoma vizuri? Kikwazo kinatunzwa! Google naye si malaika. Picha zako, namba zako na kumbukumbu zako ziko kwake, na siku ukitaka kuhama utajua uzito wa mizigo. WhatsApp ya Android huweka akiba yake kwa Google, ya iPhone huweka iCloud, na akiba hizo hazisomani. Njia ya kuhamisha ipo, lakini inataka simu zote mbili ziwe mkononi na ile mpya iwe haijaanza kutumika. Brazameni wetu alikuwa ameshauza ya kwanza. Geti likafungwa, sauti ya mama ikabaki upande wa pili.

Lakini hadithi haikuishia kituoni. Nilimuuliza swali moja: "Ile Infinix ulikuwa unaiwekea akiba kwenye Gmail?" Akasema hakumbuki, ila kuna siku alibonyeza 'kubali' ili isimsumbue. Nikampigia katibu wetu, dada wa Tecno. Nikamwomba samahani kwa niaba ya kijana, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mlete kesho. Nina Tecno yangu ya zamani kabatini, kioo kimepasuka lakini inawaka."

Jumatatu jioni tukakaa watatu barazani kwao. Tukaifuta ile Tecno, tukaweka Gmail ya kijana. Neno la siri alikosea mara mbili, la tatu likakubali. Tukaweka namba yake ya WhatsApp. Ikatuambia imeona akiba ya miezi minne nyuma. Miezi minne! Mama alikuwa hai. Tukasubiri huku bando linayeyuka na hakuna aliyelalamika. Ilipomaliza, kijana akabonyeza ile ya mwisho. Sauti ya mama mtu mzima ikatoka ndani ya simu iliyopasuka kioo: "Baba, umekula? Mbona hupokei? Haya, Mungu akulinde."

Sitakuhadithia nani alilia. Nitakwambia tu kwamba zile sauti zote alizituma kwa dada, na dada akamrudishia baada ya namba kurejea kwenye iPhone. Sasa ziko pande zote mbili za geti. Na yule aliyedharauliwa Jumapili ndiye aliyelifungua Jumatatu.

Kwa hiyo msomaji wangu, sikwambii uache iPhone wala uache Android. Kama hela ni yako na roho imezimia, nunua. Ila shika haya. Kwanza, usiuze simu ya zamani kabla hujahakikisha kila unachokipenda kimehama, na umekisikiliza kwa masikio yako. Pili, ukinunua mtumba, muuzaji aifute simu mbele yako na kuiwasha upya kabla hujatoa hata shilingi. Ikidai akaunti na neno la siri la mtu mwingine, kula kona! iPhone zimekuwa na kufuli hilo tangu mwaka 2013, Android nazo zikafuata mwaka 2015, na bila mwenyewe simu hiyo ni kimeo. Tatu, uliza itaendelea kupewa masasisho ya usalama miaka mingapi. Pixel 8 ya mwaka 2023 na Galaxy S24 ya mwaka 2024 ziliahidiwa miaka 7, lakini simu nyingi za bei chee hupewa michache mno.

Na kama bado unaapa kwamba utakufa na simu yako, kumbuka waliotangulia. Mwaka 2007 karibu nusu ya simu janja zote duniani zilikuwa Nokia. Mwaka 2014 kitengo hicho cha simu kilikuwa mali ya Microsoft. Kuna wakati sista duu bila BlackBerry alionekana hajavaa, watu wanapeana pin badala ya namba. BBM yao ilifungwa Mei 31, 2019, na Januari 4, 2022 huduma za zile BlackBerry za zamani zikazimwa kabisa. Walioapa wako wapi? Wamenunua simu nyingine, wanaapa upya.

Kitochi cha mjomba je? Bado kinadunda na raba bendi yake. Jana amenipigia kuniambia kijana wa iPhone ametuma mchango wake wote, wa kwanza katika kamati nzima. Mimi bado sijatuma, na mjomba ameshajua gazeti ninaloandikia. Acha nikimbie kwa wakala. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!