PAKA WA GHALA NAYE ALE

Ndugu wanaushirika, wako wanaosema ati paka akishiba hakamati panya, basi wanamtupia ukoko wa ugali tu. Sisi hatukubali. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Tena siyo mbuzi huyu: mwili wake unataka nyama au samaki. Akikaa na ugali mtupu miezi mingi, macho hupofuka na moyo hudhoofika. Paka kipofu atalinda mahindi ya nani?

Hatuombi nyama ya buchani. Dagaa waoshwe mchanga, wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu yake. Maji pia.

Na aliyetega sumu ya panya ghalani aiondoe leo hii. Paka akila panya huyo, naye anaweza kufa.

Kopo la dagaa liko kwa mtunza ghala. Kila nyumba ilete kiganja kimoja.